Henry Head, mganga aliyekubali kukatwa mishipa ya mkono wake

Mtu akijikata kifundo cha mkono kwa kipande cha chupa, au kwa panga wakati wa kufyeka, damu huzuiwa, ngozi hushonwa, na baada ya majuma mawili matatu kidonda hufunga. Watu wa nyumbani hufurahi, wakidhani mambo yamekwisha. Lakini yako majeraha ambayo, yakiisha kufunga, huacha vidole viwili au vitatu kana kwamba si vya mwenyewe. Aweza kushika sufuria ya moto asisikie kitu, hata aone kwa macho ngozi inaungua. Waalimu waliowatembelea wagonjwa wa ukoma waijua hali hii, maana ukoma nao huua mishipa ya fahamu, na mkono uliokufa hivyo hujiumiza kila siku bila kumpa habari mwenyewe.

Hapa tusiuchanganye mshipa wa fahamu na mshipa wa damu. Mshipa wa damu ni kama mfereji, una uwazi ndani. Mshipa wa fahamu ni kama kamba nyeupe iliyosokotwa kwa nyuzi maelfu, nazo hutoka katika uti wa mgongo na kufika mpaka ncha za vidole. Nyuzi nyingine hupeleka amri kwa misuli, nyingine huleta habari za moto, baridi, mguso na maumivu. Kamba hiyo ikikatika, habari hukoma. Je, ikishonwa, habari hurudi? Nazo hurudi namna gani, na baada ya muda gani? Mwezi huu twataka kusimulia maisha ya mganga wa Uingereza ambaye, ili apate jibu la maswali hayo, alitoa mkono wake mwenyewe ukatwe. Tukisema mganga twamtaja daktari wa hospitali, kama ilivyokuwa desturi ya wazee wetu.

Henry Head alizaliwa tarehe 4 Agosti 1861 katika mtaa wa Stoke Newington, mjini London. Baba yake alikuwa mtu wa biashara ya bima, na jamaa zake walikuwa wa chama cha Marafiki, waitwao Quakers. Ndio ambao wenzao wa Marekani walianza kazi huko Kaimosi mwaka wa 1902. Tangu ujana Henry alipenda elimu ya viumbe. Alisoma Cambridge katika Trinity College, akafaulu sana, kisha akaenda Prague akakaa miaka miwili kwa mwalimu Ewald Hering, akijifunza jinsi mishipa inavyotawala pumzi za binadamu. Aliporudi Uingereza alimaliza masomo ya uganga, na mwaka wa 1896 akapata kazi katika London Hospital, mtaa wa Whitechapel.

Mapema alionyesha namna yake ya kufikiri. Aliona ya kuwa mtu mwenye ugonjwa wa tumbo au wa moyo mara nyingi husikia maumivu juu ya ngozi, mahali palipo mbali na ugonjwa wenyewe. Akawauliza wagonjwa kwa subira, akapima, akachora mipaka ya mahali hapo juu ya miili yao. Pia, pamoja na mwenziwe A. W. Campbell, aliuchunguza ugonjwa ule wa malengelenge uzungukao kiuno au kifua upande mmoja, ambao sisi huuita mkanda wa jeshi. Mwaka wa 1900 wakaonyesha ya kuwa asili yake haimo katika ngozi, bali katika vifundo vya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo. Hata leo waganga huitumia michoro ile.

Sasa tufike penye jambo lenyewe. Whitechapel ulikuwa mtaa wa watu wa kazi, wengi wao maskini. Hospitalini waliletwa watu waliokatwa kwa kisu, kwa kioo cha dirisha, na kwa mashine. Wengi walikuwa wamekatwa mishipa ya fahamu penye kifundo cha mkono. Kwa karne nyingi wapasuaji walikuwa wameogopa kuigusa mishipa hiyo kwa sindano, wakidhani italeta degedege. Lakini siku za Head hofu ile ilikuwa imepungua, na wapasuaji waliziunganisha ncha mbili kwa uzi mwembamba. Kazi ya kushona haikuwa shida yao kubwa. Shida ilikuwa kujua kama imefaa.

Msomaji aweza kudhani ni rahisi: mwulize mgonjwa kama anasikia. Lakini twaomba msomaji afikiri kidogo. Mganga huubonyeza mkono kwa kidole chake, mgonjwa amefumba macho, naye anajibu ya kuwa amesikia. Kwa sababu hiyo waganga wengine wa zamani waliandika ya kuwa mshipa ulioshonwa ulianza kufanya kazi siku chache baadaye, wakajisifu. Walidanganyika, na mgonjwa hakusema uongo. Head na mpasuaji James Sherren waliwachunguza wagonjwa wengi, na mwaka wa 1905 wakaonyesha ya kuwa kubonyezwa husikiwa kwa nyuzi nyingine zipitazo ndani, pamoja na misuli na kano zake. Ngozi yaweza kuwa imekufa kabisa, hata pini isisikiwe, na bado mtu akasikia uzito wa kidole. Mganga asiyetenga kubonyeza na kugusa kwa wepesi hajapima kitu. Huyu Sherren, twataja kwa kupita tu, alikuwa baharia kabla ya kuwa mpasuaji.

Hata hivyo Head hakuridhika. Watu wale wa Whitechapel walikuwa na kazi zao na watoto wa kulisha. Hawakuweza kuja juma kwa juma, mwaka hata mwaka, ili kuchomwa pini na kuulizwa maswali. Tena maswali yenyewe yalikuwa magumu. Kusema kwamba ninasikia ni rahisi. Kueleza kama ni baridi au ni maumivu, kama ni hapa au ni pale, kama ni kali au hafifu, ni kazi inayotaka mazoezi na saa nyingi za utulivu. Kadiri Head alivyowauliza, ndivyo alivyotambua ya kuwa yeye mwenyewe hajui anachouliza. Alikuwa akiuliza habari za nchi ambayo hajafika.

Basi akaamua kufika. Alikuwa na rafiki huko Cambridge, W. H. R. Rivers, mganga naye, mwalimu wa elimu ya fahamu na nafsi, aliyekuwa amesafiri mwaka wa 1898 mpaka visiwa vya Torres Strait karibu na Australia ili kupima macho na masikio ya watu wa huko. Wakapatana. Head atakuwa mgonjwa, Rivers atakuwa mpimaji. Mishipa waliyochagua ilikuwa miwili ya mkono wa kushoto, yote ya ngozi tu, isiyopeleka amri kwa misuli, ili vidole visipooze. Ulikuwa uchaguzi wa busara. Lakini haukuondoa hatari. Siku zile dawa za kuua vijidudu vya vidonda, kama penisilini, hazikuwako bado, na jeraha lolote la kupasuliwa laweza kuoza. Tena hakuna aliyeweza kumwahidi Head ya kuwa fahamu zake zitarudi. Alikuwa na umri wa miaka 41, mganga anayetafuta riziki kwa mikono yake.

Tarehe 25 Aprili 1903, wapasuaji wawili wa London Hospital, Dean na yule Sherren, walifanya kazi hiyo. Ngozi ilipasuliwa karibu na kiwiko, mshipa mmoja baada ya mwingine ukakatwa, kisha ncha zikaunganishwa tena kwa nyuzi nyembamba za hariri. Mkono ukafungwa kwa bao, lakini kiganja kikaachwa wazi ili kiweze kupimwa. Head alipopata kuuchunguza mkono wake, upande wa nje wa kigasha na mgongo wa kiganja upande wa kidole gumba ulikuwa kama ngozi ya mtu mwingine. Pamba haikusikiwa. Pini haikusikiwa. Barafu haikuwa baridi, wala maji ya moto hayakuwa moto. Lakini alipobonyezwa, alisikia, tena aliweza kuonyesha mahali penyewe. Yale waliyoyaona kwa wagonjwa wa Whitechapel sasa aliyajua kutoka ndani.

Tangu hapo ikaanza kazi ambayo sisi twaiona kuwa kubwa kuliko kukatwa kwenyewe. Kukatwa ni ushujaa wa saa moja. Lakini Head alifanya kazi yake ya hospitali London, kisha siku za mapumziko akapanda gari la moshi kwenda Cambridge, akaketi katika vyumba vya Rivers vya St John's College, akafumba macho, akanyosha mkono. Rivers alimgusa kwa pamba, kwa pini, kwa vyombo vyembamba vyenye maji ya moto au ya baridi, na kwa ncha mbili za bikari ili kujua kama atazisikia mbili au moja. Kila jibu liliandikwa, na mipaka ya fahamu ikachorwa juu ya ngozi kisha ikapigwa picha. Head alikuwa ameacha kuvuta tumbaku. Akija amechoka, majibu yake hayakuaminika. Mkono ukiwa umepoa kwa baridi ya nchi ile, fahamu zilizokuwa zimerudi zilipotea tena hata mkono upate moto. Hivyo walijifunza kungoja. Kutoka mwaka wa 1903 hata Desemba 1907 walitumia siku 167 kwa upimaji huo.

Waliona nini? Kwanza yafaa kukumbuka jambo lililokwisha kujulikana. Mwaka wa 1850 Augustus Waller alikata mishipa ya ulimi wa chura, akaonyesha ya kuwa ile sehemu ya uzi iliyotengwa na asili yake hufa na kuoza yote mpaka mwisho. Kwa hiyo kushona mshipa si kama kuunga waya wa simu, ambao ukiungwa leo habari hupita leo. Mpasuaji huziweka ncha mbili zielekeane tu. Kisha uzi ulio hai, upande wa juu, lazima uote upya, uingie katika ganda tupu la uzi uliokufa, na kutambaa polepole kuelekea ngozi. Mwendo wake ni kama milimeta moja kwa siku. Mkulima hatashangaa: ukipima sentimeta 18 kutoka kifundo cha mkono hata ncha ya kidole, wapata siku 180, yaani nusu mwaka, hata kama kila kitu kimekwenda vema. Jeraha likiwa penye kiwiko au juu ya hapo, hesabu yapita mwaka.

Katika mkono wa Head, baada ya majuma kadhaa, maumivu ndiyo yaliyoanza kurudi. Lakini hayakuwa maumivu ya kawaida. Pini iliyochoma kidogo ilimfanya ashtuke, maana uchungu ulienea mbali, hata akichomwa penye kigasha alisikia kidole gumba ndicho kinachouma. Baridi kali ilirudi, na moto mkali pia, lakini maji ya vuguvugu hayakuwa kitu. Hapakuwa na kidogo wala kiasi: ama hakusikia lolote, ama alisikia kwa nguvu zote. Ulikuwa mkono usiojua kupima. Baada ya muda mrefu tena, polepole sana, zilianza kurudi fahamu zilizo nyororo: mguso wa pamba, tofauti kati ya uvuguvugu na ubaridi, na uwezo wa kuzitenga ncha mbili za bikari. Kadiri hizi zilivyorudi, ule ukali wa kwanza ukatulia. Lakini hata kazi ilipokwisha mwaka wa 1907, kulikuwako sehemu ndogo ya mgongo wa kiganja ambayo haikurudi kamili.

Mwaka wa 1908 Head na Rivers waliichapisha habari yote. Head alizipa zile fahamu za kwanza na za pili majina ya Kiyunani, protopathiki na epikritiki, akafundisha ya kuwa ni aina mbili mbalimbali za mishipa, moja ya kale na isiyo na adabu, nyingine iliyokuja baadaye kuitawala ile ya kwanza. Fundisho hili lilipendwa sana. Watu walilitia hata katika mambo ya tabia na roho, mbali na mkono uliolizaa.

Hapa hatutaki kuficha ukweli kwa kumheshimu mtu. Mwaka wa 1909 waganga wawili wengine, Wilfred Trotter na Hugh Morriston Davies, walichapisha habari za jaribio lao wenyewe: walikuwa wamekata mishipa saba ya ngozi katika miili yao. Nao hawakuona vipindi viwili vilivyotengana. Waliona fahamu zikirudi kidogo kidogo, na ule ukali wa ajabu wakaueleza kuwa ni hali ya nyuzi changa zinazoota, wala si aina ya mishipa ya kale. Wenye elimu ya leo wako karibu na Trotter na Davies kuliko Head. Nyuzi za fahamu ni za unene mbalimbali, na kila namna ina kazi yake, lakini zile tabaka mbili za Head hazikubaliwi jinsi alivyozifundisha. Twadhani kosa lake lilikuwa kosa la mtu mmoja mwenye mkono mmoja. Alisikia kwa uaminifu, lakini alipoeleza kile alichosikia, alijenga nyumba kubwa kuliko msingi.

Je, alikatwa bure? Sisi hatuoni hivyo. Yale aliyoyaandika kuhusu kubonyeza na kugusa, kuhusu uchungu unaoenea, kuhusu mkono unaopoa na kupoteza fahamu, yalikuwa kweli kwa wagonjwa wa Whitechapel, na ni kweli kwa kila mtu aliyeshonwa mshipa tangu siku ile. Leo mpasuaji hutumia hadubini na uzi mwembamba kuliko unywele, na pengo likiwa kubwa huchukua kipande cha mshipa wa ngozi ya mguu akakipandikiza mkononi. Lakini mshipa ungali ukitambaa milimeta moja kwa siku, na mgonjwa angali akisikia miali ya ajabu na uchungu usio na mahali, akiogopa ya kuwa kazi imeharibika. Mganga aliyemsoma Head aweza kumwambia mgonjwa huyo ya kuwa huenda uchungu ule ndio mshipa unaorudi, naye autunze mkono wake usiungue wakati anapongoja.

Mambo mengine ya maisha yake tutayapita upesi. Mwaka wa 1904, mkono ukiwa bado katikati ya kupona, alimwoa Ruth Mayhew, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana huko Brighton, ambaye walikuwa wameandikiana barua kwa miaka mingi. Hawakujaliwa watoto. Wakati wa vita vya 1914 hata 1918 Head aliwatibu askari waliojeruhiwa uti wa mgongo na ubongo. Baadhi yao walikuwa wamepoteza maneno kwa sababu ya risasi kichwani. Akawauliza kwa subira ile ile aliyojifunza Cambridge, na mwaka wa 1926 akatoa kitabu kikubwa juu ya kupotewa na usemi. Rivers naye aliwatibu askari waliovunjika moyo kwa vita. Alikufa ghafula mwaka wa 1922.

Yapata wakati wa vita kwisha Head aliona dalili katika mwili wake mwenyewe. Ulikuwa ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, nao ni ugonjwa wa ubongo, yaani wa elimu yake hasa. Hakuhitaji mtu kumweleza mwisho wake. Aliacha kazi, wakahamia shambani, kwanza Dorset, baadaye karibu na Reading. Mwaka wa 1927 mfalme alimpa cheo cha Sir. Mikono ile, wa kushoto uliokatwa na wa kulia ulioandika, ilizidi kumwasi mwaka kwa mwaka, hata akawa hawezi kujifanyia neno. Ruth alimtunza, akamsomea, akapokea wageni wake, hata alipokufa yeye kwanza mwaka wa 1939. Henry Head alimfuata tarehe 8 Oktoba 1940, mwenye miaka 79, na mali yake aliiachia Royal Society ya London, itumike kwa kuendeleza elimu ya uganga.